Kinu Kilichopinduliwa Langoni

Mume wangu hulala mchana. Kwa sababu hiyo tu nimegombana na nusu ya watu wa barabara yetu, na nusu iliyobaki hatujagombana kwa kuwa wanakaa mbali.

Yeye ni dereva mgodini. Anaendesha lori la kubeba mawe ya shaba, mojawapo ya yale ambayo gurudumu moja linapita urefu wa mlango wetu. Wiki moja yuko zamu ya mchana, wiki nyingine zamu ya usiku. Wiki ya usiku, basi la kampuni humrudisha asubuhi wakati watoto wanaelekea shule. Anashuka macho mekundu, nyusi zimejaa vumbi, anaoga, anakula kidogo, anajitupa kitandani. Hapo ndipo zamu yangu inapoanza. Mimi ni mlinzi wa usingizi.

Kazi hiyo haina mshahara wala likizo. Mimi ni mshonaji, lakini cherehani yangu nimeihamishia kwa dada yangu, na wateja wananilalamikia kwamba siku hizi hawanioni. Muuza mikate aliyekuwa akipita na filimbi nilimkomesha kwa siku moja. Jogoo wa jirani wa nyuma alikuwa na tabia ya kuwika saa tatu asubuhi, kama mtu aliyechelewa kazini anayejifanya amewahi. Nilimwonya mwenye jogoo, akacheka. Nikamnunua jogoo, tukamla na bukari, ugali wetu. Alikuwa mgumu kama kiatu, lakini nilimtafuna mpaka mfupa wa mwisho.

Watu walisema nina roho mbaya. Labda ninayo. Lakini hawakujua lililotokea mgodini kiangazi kilichotangulia.

Mume wangu alisinzia kwenye usukani. Haukuwa muda mrefu, ni kufumba na kufumbua tu. Lori likatoka njiani, likapanda tuta la udongo lililowekwa ukingoni mwa shimo, likakwama hapo. Bila tuta lile ningekuwa ninasimulia mambo mengine leo. Bosi wake alimwita akamwambia kwamba ikitokea tena, hakutakuwa na maneno, abaki nyumbani. Mume wangu alinieleza hayo huku anafungua viatu, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba mvua imenyesha. Kubaki nyumbani ndiko kulikomtisha yeye. Mimi nilifikiria lile shimo. Nilikwenda jikoni nikalia, kisha nikachukua nyundo na misumari nikaziba dirisha la chumba chetu kwa blanketi zito, mwanga usiingie. Niliogopa. Naogopa mpaka leo.

Basi katika hali hiyo ndipo akahamia mama wa malori.

Alipanga uwanja wa pembeni, tunatenganishwa na ukuta mmoja wa matofali. Alikuwa mjane, Mwislamu, wa zile familia zilizotoka upande wa Maniema na kufanya biashara na usafirishaji hapa Kolwezi. Alikuwa na malori mawili yaliyopeleka chumvi, sabuni na mabati Sandoa, yakarudi na mahindi na mihogo mikavu. Mwanamke mrefu, mtandio umefungwa vizuri, maneno machache. Katika mazingira mengine ningempenda mara moja.

Tatizo lilikuwa springi. Barabara ya Sandoa inavunja magari, na lori likirudi, kitu cha kwanza mafundi wanachotoa ni zile bamba za chuma zilizo chini yake. Zikiwa zimenyooka, wanaziweka juu ya kipande cha reli na kuzipiga kwa nyundo kubwa mpaka zirudie mkunjo wake. Wanaanza asubuhi kungali na baridi, kwa sababu ni kazi ya jasho. Siku ya kwanza, nyundo ya kwanza ilimkuta mume wangu bado anatafuna. Vikombe vililia kabatini. Alinitazama, akasema, “Bon,” akaenda kulala. Hakulala.

Nilikwenda kwa jirani nikiwa nimevaa kikwembe kizuri na heshima zangu zote.

“Bonjour, mama. Mi ni jirani wa hapa pembeni. Bwana yangu anatumikaka bufuku, mchana ndio analala. Naomba bale bafundi bapige nyuma ya saa nane.”

Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Kiswahili chake kilikuwa cha kule mashariki. Sisi tunasema bitu, yeye anasema vitu.

“Nimekusikia, mama. Lakini gari zangu zinapashwa kutoka saa sita. Zikilala hapa, mimi na watoto tutakula nini? Sasa ni mchana. Kila mtu yuko kazini.”

Nikamwambia kwamba mume wangu pia yuko kazini, kazi yake ya mchana ni kulala. Akatabasamu, akadhani natania. Niliondoka pale nimekasirika hata nikapita lango langu mwenyewe, ikabidi nirudi nyuma.

Mama-mkwe wangu ndiye aliyeleta habari ya kinu. Anaishi nasi, lakini maisha yake mengi aliyamaliza Tenke, katika kambi ya wafanyakazi wa reli, kwa kuwa baba-mkwe alikuwa mtu wa treni. Huko, mume akirudi kutoka zamu ya usiku, mke wake alitoa kinu na kukipindua mbele ya mlango, mdomo ukitazama chini. Kinu kikiwa hivyo, kila mtu alielewa kwamba ndani kuna mtu wa usiku amelala. Hakuna aliyetwanga upande ule, hakuna aliyebisha hodi, watoto walipita wakinyata. Mchungaji mwenyewe aligeuza baiskeli na kurudi kwao.

“Munasumbuka bure,” alisema. “Pindueni kinu. Bantu batajua.”

Akakitoa mwenyewe kinu chetu cha kutwangia sombe, majani ya mihogo, akakisukuma mpaka langoni, akakipindua, akajipangusa mikono.

Bantu hawakujua. Kolwezi ya leo si kambi ya reli. Barabara yetu ina watu wa Kasai, wa Kivu, wa Ikweta, na vijana wachimbaji waliotoka kila mahali wakilala wengi chumba kimoja. Siku ya kwanza mchimbaji mmoja alikikalia kinu chetu akala vitumbua vyake vyote, tena akaniomba maji ya kunywa. Siku ya pili mbuzi alipanda juu yake akatazama barabara. Lakini kulikuwa na mzee mmoja muuza makaa, mstaafu wa kampuni, aliyezoea kupita akisukuma baiskeli na kuita kwa sauti ya kuamsha wafu. Alipokiona kinu alinyamaza katikati ya neno. Akavua kofia, akapita taratibu, akaanza kuita tena alipofika kwenye kona. Mama-mkwe wangu alitembea na ushindi huo juma zima.

Nyundo, hata hivyo, ziliendelea. Mume wangu alianza kukonda. Alikuwa akikaa kwenye ukingo wa kitanda saa tano asubuhi, miguu chini, anatazama lile blanketi dirishani. Jioni akipanda basi nilimwangalia macho yake, na nilipotoka pale kituoni nilihesabu moyoni saa zilizobaki mpaka kesho asubuhi. Nikasema, sasa yatosha. Nikaenda kushtaki.

Kwetu malalamiko ya namna hiyo yanapelekwa kwa mkuu wa mtaa, ambaye kila mtu humwita shefu. Nilimkuta kwenye baraza la ofisi yake, redio sikioni. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea, kisha akazima redio ili anikatalie vizuri.

“Mama, sheria inasema tapage nocturne. Nocturne ni bufuku. Mutu akipiga makelele bufuku, unakuja hapa, tunamukamata.”

“Bufuku bwana yangu hayuko, shefu. Eko ku kazi. Bufuku yake ni mchana.”

“Ile sheria haijue.”

“Basi muandike ingine.”

Akacheka sana. Alisema atamwita yule mama, watazungumza kirafiki, nisiwe na wasiwasi. Nilirudi nyumbani nimeinua kichwa. Nikamwambia mama-mkwe wangu kwamba serikali imesikia.

Baada ya siku chache nikaitwa. Nilivaa tena kile kikwembe kizuri. Nilipofika barazani, mama-mkwe wangu nyuma yangu kwa kuwa hakukubali kukosa, nilikuta kiti cha mshtaki kimekaliwa. Mama wa malori alikuwa amepeleka mashtaka yake, na mshtakiwa nilikuwa mimi.

“Shefu,” alianza, bila hasira yoyote, “huyu mama ananiwekea kinu kilichopinduliwa, palepale gari zangu zinapopita. Kila gari ikitoka, inakutana na kitu kilichopinduliwa. Sisi watu wa magari hatupendi hivyo. Nyumbani kwangu hata sahani haipinduliwi mezani kama gari iko njiani. Mimi nilikuwa na gari tatu. Moja ilipinduka. Sasa anataka na hizi mbili zipinduke?”

Shefu alikuna kidevu. “Unasema ni bulozi?”

“Mimi sijasema hivyo. Mimi nasema akiondoe.”

Lakini neno hilo la uchawi lilikuwa limeshatoka, na nje ya baraza walikuwapo watu waliokuja kutafuta muhuri na vyeti, wakageuka wote. Mama-mkwe wangu ni mzee, meno yake machache, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Mtu wa sura hiyo akitajwa pamoja na neno bulozi, mtaa hausahau haraka. Mwanzoni alicheka. Alipoona wengine hawacheki, akashika ncha ya kikwembe chake. Nilipomwona ameshika ile ncha, damu ilinipanda. Nilisimama.

“Mi sipindue gari ya muntu,” nikasema, na sauti yangu ilifika barabarani. “Huyu mama muzee alizoea ile kinu kule Tenke, ni alama ya kusema mutu analala. Bwana yangu anaendeshaka lori kubwa bufuku, mu mugodi. Kama halale mchana, atalala ku usukani. Alisha kulala mara moja, pembeni ya shimo. Mukitafuta bulozi, muitafute mu ile nyundo yenu.”

Nilitegemea ajibu. Nilikuwa na maneno mengine tayari, mazuri kuliko hayo. Lakini mama wa malori, aliyekuwa akirekebisha mtandio wake, aliacha mkono hewani.

“Alilala kwenye usukani?” akauliza.

“Alilala.”

Akaushusha mkono. Shefu alikata shauri kama nilivyojua atakavyokata: kinu kiondoke, kwa ajili ya amani ya mtaa, nyundo ziendelee, kwa kuwa ni mchana. Akatuambia tusalimiane. Tukasalimiana kama watu wanaopokezana mzigo wa moto.

Ubaya ni kwamba tunakaa njia moja. Tulirudi pamoja bila kutaka, yeye upande wake wa barabara, sisi upande wetu, mama-mkwe akitembea polepole nami nikimngoja. Upepo wa kiangazi ulikuwa unaleta lile vumbi jeupe la Kingamyambo, la mabaki ya mawe yaliyosagwa zamani, na sote watatu tukasimama na kufunika nyuso zetu. Upepo ulipopita, mama wa malori alikuwa amevuka, yuko mbele yangu.

“Ile gari ya tatu ilikuwa na kijana wangu,” alisema. “Mkubwa. Alikuwa anatoka Sandoa na mahindi. Alikuwa ameshaendesha usiku kucha, akanipigia simu kwamba anataka kulala kidogo. Mimi nikamwambia aje tu, wateja wanangojea, atalala nyumbani.”

Aliangalia chini.

“Watu walisema barabara ni mbaya. Walisema kuna wenye wivu. Mimi niliwaacha waseme. Lakini alisinzia. Mimi najua kwamba alisinzia.”

Nilikuwa nimembebea hasira kutoka ofisini mpaka pale, na ghafla sikujua niiweke wapi. Nilisema, “Pole, mama.” Mama-mkwe wangu, ambaye saa moja tu iliyopita alikuwa karibu kuitwa mlozi kwa ajili ya mwanamke huyu, alimshika mkono. Wakatembea hivyo mpaka kwenye lango letu. Mimi nilifuata nyuma nikilia, na sikujificha.

Kuanzia siku iliyofuata nyundo zilihamia baada ya sala ya alasiri. Malori yakaanza kuondoka alfajiri ya kesho yake badala ya saa sita, na sijui aliwaambia nini wateja wake. Asubuhi mafundi walifanya kazi za kimya, kupaka grisi, kushona turubai, kubishana kwa sauti ya chini. Mume wangu akalala. Uso wake ukarudi. Kinu nacho kikarudi jikoni, na mama-mkwe wangu, tulipomuuliza kama ameudhika, alijibu kwamba kazi yake ni kutwanga tu: “Mi natwanga paka sombe.”

Hapo likazuka tatizo jipya, ambalo lingenichekesha kama lingempata mtu mwingine. Si kila wiki mume wangu yuko zamu ya usiku. Wiki ya mchana nyumba yetu haina mtu wa kulala, na mafundi wangeweza kupiga springi zao asubuhi kama zamani. Tena kampuni inabadilisha zamu bila kuaga. Basi mama wa malori, kwa wema wake, akawa anamtuma fundi mkuu kila asubuhi kuuliza. Fundi mkuu ni mtu mwenye kifua na sauti kubwa.

“Hodi! Tata analala?”

Na kutoka chumbani, nyuma ya blanketi, sauti ya mume wangu: “Alikuwa analala.”

Tulijaribu kutundika kitambaa chekundu ukutani. Watu wakadhani ni nguo zangu zinakauka, na siku moja kilianuliwa na mtu mwema kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Nilijaribu kumweleza jirani zamu za juma zima kila Jumapili, lakini Jumanne zilikuwa zimeshabadilika. Kila tulipokosa, mama-mkwe wangu alikitazama kinu chake, kisha akanitazama mimi, kisha akaendelea kutwanga. Sote tulijua dawa ni ipi. Hakuna aliyeweza kuitaja mbele ya mwanamke yule.

Kisha ikaja asubuhi moja ya masika ambayo basi la kampuni halikurudi.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Watoto walikwenda shule, wauzaji walipita, jua likatoka kidogo likajificha tena, basi hakuna. Simu zao huachwa mlangoni mwa mgodi, kwa hiyo nilipopiga, ililia tu. Nilisimama langoni. Nilijua sababu zote za kawaida, matope, basi bovu, dereva wa zamu ya mchana aliyechelewa kumpokea mwenzake. Nilizitaja moja baada ya nyingine na hazikunisaidia. Nilikuwa naliona tuta la udongo, na mvua ikilimega.

Kwa jirani mafundi walikuwa wamekaa juu ya gurudumu la akiba, nyundo magotini. Hawakujua kama waanze au wasubiri. Mama wa malori akatoka kuangalia kuna nini, akaniona.

“Bado?” akauliza.

“Bado.”

Hakuniambia nisiogope. Alijifunika kikwembe kichwani kwa ajili ya manyunyu, akaja akasimama kando yangu, bega kwa bega, akitazama upande uleule ninaotazama mimi.

“Na mimi nilisimama hivi,” alisema baadaye kidogo. Basi.

Tulisimama mpaka viatu vyetu vikazama kwenye matope. Mama-mkwe alituletea chai, ikapoa mikononi. Halafu kwenye kona likatokea lile basi, matope mpaka madirishani, likija taratibu kama linaona aibu. Mume wangu alishuka wa mwisho. Walikuwa wamekwama njiani, wamelisukuma. Alituona tumejipanga langoni, wanawake watatu, akashtuka.

“Bamama, kuko nini?”

“Hakuna kitu,” nikasema. “Ingia ulale.”

Akaingia. Nikabaki nimeshikilia mlango wa lango. Kinu chetu kilikuwa pale pembeni, kimesimama wima ambapo mama-mkwe alikiacha jana baada ya kutwanga, na mvua ilikuwa imekijaza maji. Mafundi walikuwa wanatutazama kutoka upande wa pili, wakingoja waambiwe. Mama-mkwe wangu alikiangalia kinu, akageuza macho haraka.

Mama wa malori akakisogelea. Alikiinamia, mikono miwili kwenye ukingo. Alisema Bismillahi kwa sauti ndogo. Kisha akakipindua. Maji yote yalimmwagikia miguuni, naye hakuruka. Alikikandamiza kwenye matope mpaka kikakaa sawa, mdomo chini, mbele ya lango letu na mbele ya njia ya malori yake.

Akapangusa mikono kwenye kikwembe chake na kuwageukia mafundi.

“Wekeni nyundo chini,” alisema. “Huyu amefika. Analala.”